Mtambo wa Leza Ukikataa, na Ukishindwa Kukataa: Utatuzi wa Matatizo ya Usalama

Simu nyingi ninazopokea wikendi kuhusu leza za jukwaani ni za aina moja: mtambo haumuliki, bibi harusi yuko njiani, nifanyeje? Ni nadra mtu kupiga akisema mtambo wake unamulika pale usipopaswa. Ilhali tatizo la kwanza mara nyingi ni kinga inayofanya kazi yake, na la pili ndilo linaloharibu macho ya watu. Nimepanga dalili kuanzia zile zinazoudhi hadi zile za hatari. Kwa kila moja jiulize: ni kinga gani imekata mwanga, au ni kinga gani haipo?

Kwanza ujue umeshika nini. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1 hupanga leza kwa madaraja. Daraja la 2 ni mwanga unaoonekana usiozidi miliwati 1, na hapo mtu hupepesa jicho ndani ya robo sekunde akasalimika. Daraja la 3R hufika miliwati 5, la 3B miliwati 500. Kinachozidi hapo ni daraja la 4, ambalo halina kikomo cha juu. Mitambo ya wati 1, 3 au 10 inayokodishwa hapa Nairobi kwa harusi, matamasha na mikesha ya makanisa yote ni ya daraja la 4.

Hesabu kidogo. Chukua mtambo wa wati 3 ambao mwale wake una upana wa milimita 4 unapotoka na unatanuka kwa miliradiani 1.5, yaani milimita 1.5 kwa kila mita. Mtu aliyesimama mita 20 mbele atafikiwa na mwale wa upana wa milimita 34, wenye nguvu ya takriban miliwati 330 kwa kila sentimita ya mraba. Kikomo cha jicho kwa robo sekunde ni kama miliwati 2.5. Mwale huo ukisimama umezidi kikomo zaidi ya mara 100, na kupepesa hakumsaidii mtu.

Ufunguo umegeuzwa, taa ya stima inawaka, leza haitoi kitu

Anza na kitufe chekundu cha dharura. Wakati wa kupakua vifaa mtu hukiegemeza kisanduku chake ukutani, kitufe kikabonyezwa na kubaki ndani. Kizungushe kirudi nje. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha upya au rudisha ufunguo na uugeuze tena, kwa sababu mtambo ulioundwa vizuri hauwaki wenyewe baada ya kukatizwa. Subiri sekunde chache pia. Mitambo mingi huchelewesha mwanga kwa makusudi, taa ya onyo ikitangulia.

Bado? Angalia nyuma ya mtambo. Kuna soketi ndogo, mara nyingi ya XLR yenye pini tatu, inayoitwa intaloki. Hapo ndipo waya wa kisanduku cha dharura unapoingia. Mzunguko wake ukiwa wazi popote, mwanga hautoki. Zima kila kitu, chomoa waya huo kwenye mtambo, uupime kwa maltimita: kitufe kikiwa nje usomaji uwe karibu na sifuri, kikibonyezwa mzunguko ukatike kabisa. Ukikatika wakati wote, waya umeumia, na kwa kawaida ni pale magurudumu ya masanduku ya spika yalipopita. Usomaji ukibaki sifuri hata ukibonyeza, tatizo ni kubwa zaidi: una kitufe cha mapambo.

Chanzo cha tatu ni kebo ya ILDA inayobeba ishara za picha kutoka kwenye kompyuta, ile yenye pini 25. Pini ya 4 na ya 17 ni za intaloki nyingine, ya 13 ni ya shata, kifuniko kinachoziba mwale. Kebo iliyokunjwa karibu na plagi mara mia mwishowe hukatika uzi mmoja, na ukikatika wa intaloki basi picha zote ziko sawa kwenye skrini lakini jukwaa ni giza. Badilisha kebo kabla hujafungua mtambo. Na kuna lile la aibu ndogo: kwenye programu, leza haijaruhusiwa kutoa mwanga. Kitufe hicho kipo kwenye karibu kila programu ya leza na husahaulika kila wiki.

Sasa ile njia ya mkato. Mitambo mingi huja na plagi fupi isiyo na waya, ya kuchomeka kwenye intaloki. Ifungue: ndani kuna kipande cha waya kinachounganisha pini mbili, basi. Kazi yake ni kumwezesha fundi kupima mtambo kwenye karakana. Plagi hiyo ikipotea stoo, vijana huvua uzi wa shaba kutoka kwenye ekstensheni na kuuchomeka hapo. Wa kiwandani au wa kienyeji, matokeo ni yale yale: onyesho linaendeshwa bila kitufe cha dharura. DJ mmoja aliniuliza kwa simu:

"Fundi, nikiunganisha hizi pini mbili si itawaka?"

"Itawaka, kijana wangu. Ikishuka kwa watu utaizima na nini?"

"Nitachomoa ukutani."

"Soketi iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya jukwaa, ng'ambo ya kwaya. Na siku hizi wengi wanachomeka mtambo kwenye UPS, ile betri ya akiba, ili stima zikipotea onyesho lisikatike. Hapo hata aliyekimbia kwenye swichi kuu ataizima taa ya ukumbi na kuiacha leza ikimulika.

Mwanga unakatika katikati ya onyesho, kisha unarudi

Ukikatika kwenye picha fulani tu, kila mara, hiyo ni kinga ya skana. Ndani ya mtambo kuna vioo viwili vidogo vinavyotikiswa na galvo, yaani mota ndogo za kasi, kimoja kushoto na kulia, kingine juu na chini. Kinga hupima mwendo wa vioo hivyo. Mwendo ukipungua mno, hukata mwanga ndani ya milisekunde chache. Picha ndogo sana, nukta, au nembo iliyopunguzwa hadi ukubwa wa kiganja huiamsha. Panua picha. Usiizime kinga kwa sababu ya jina la wanandoa lililoandikwa kwa herufi ndogo.

Ukikatika baada ya muda, bila kuchagua picha, shuku joto. Feni imejaa vumbi, au mtambo umefungwa chini ya turubai ambako hewa ya moto hukusanyika. Dalili inayotangulia ni rangi nyekundu kufifia, maana dayodi nyekundu huchoshwa na joto kuliko za bluu na kijani. Nyeupe yako itaanza kuelekea samawati kabla ya kukatika.

Ukikatika pamoja na mdundo mzito wa besi au mashine ya moshi inapoanza kupasha, ni umeme. Mashine ya moshi hula wati nyingi kwa ghafla, na volti za genereta ya kukodi zikishuka mno kwa nusu sekunde, mtambo hujizima. Tenganisha laini. Ekstensheni ndefu ifunguliwe yote kutoka kwenye gurudumu lake, maana ikibaki imezungushwa hupata joto.

Picha inaganda na mwanga haukatiki

Hii ndiyo ya kuamkia usiku. Laptopu imekwama au galvo imekufa, na kinachobaki ni nukta moja iliyosimama au mstari mmoja, wenye nguvu yote ya mtambo. Mwale unaotembea haraka hupita kwenye jicho kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ukisimama, unaingia kupitia mboni na kukusanywa nyuma ya jicho kwenye doa dogo kuliko ncha ya sindano.

Chanzo cha kwanza: kinga haipo kabisa. Mitambo ya bei ya chini inayouzwa Luthuli Avenue mingi hutumia mota za hatua badala ya galvo, na bodi yake haijui kama kioo kimetembea au la. Hakuna marekebisho hapo. Mtambo kama huo ukiwa wa wati kadhaa, ufunge ili miale yake yote ipite juu ya vichwa vya watu, au uuache nyumbani.

Chanzo cha pili, ambacho hukutwa kwenye mitambo mizuri ya bei kubwa: kinga ilizimwa. Waendeshaji hupenda miale minyoofu inayosimama hewani kama nguzo, na kinga haiipendi. Kwa hiyo kuna swichi ndogo au mpangilio wa kuizima kwa ajili ya miale inayokwenda juu, mahali pasipo na mtu. Ijumaa imezimwa kwa tamasha, Jumamosi mtambo umekodishwa kwa harusi, na hakuna aliyeuliza. Ukikodi, angalia mpangilio huo wewe mwenyewe.

Chanzo cha tatu: watu wanaitegemea programu. Programu nyingi za leza, za kampuni ya Pangolin zikiwemo, zina ramani ya kupunguza nguvu kwenye eneo la watu, na ni kifaa kizuri. Lakini ramani iko kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo iliyokwama.

Kuipima, chagua ukumbi mtupu. Elekeza mtambo kwenye ubao mweusi usiong'aa, nguvu iwe ya chini kabisa, kila mtu awe nyuma ya mtambo, pasiwe na kioo wala chuma kinachong'aa mbele. Chora duara. Lipunguze taratibu hadi liwe nukta. Mwanga lazima ufe wenyewe kabla nukta haijatulia. Kisha, duara likiwa kubwa, chomoa kebo ya ILDA kwenye laptopu: mwanga ufe hapo hapo. Kama unaendesha kwa DMX, mfumo wa kuongoza taa za jukwaani, chomoa waya wa DMX. Mitambo kadhaa ya bei rahisi, ikikosa ishara, huingia kwenye mchezo wake wa kiwandani na kuanza kurusha miale kila upande, ikiwemo chini. Tafuta kwenye menyu mpangilio wa kufanya giza ishara inapopotea. Kama haupo, kisanduku cha dharura kisitoke mkononi mwa mwendeshaji.

Stima zimerudi, na mtambo umeanza wenyewe

IEC 60825-1 inataka leza ya daraja la 4 isirudi kumulika yenyewe baada ya intaloki kukatwa au umeme kupotea kwa zaidi ya sekunde 5; mtu lazima abonyeze kitu. Katika jiji hili, ambapo stima huweza kupotea na kurudi mara mbili kabla ya keki kukatwa, sharti hilo lina uzito wake. Stima zikipotea mtu hupanda ngazi kurekebisha taa, uso ukiwa mbele ya tundu la mwale. Zima mtambo ukutani, hesabu sekunde 10, washa. Ukianza kumulika bila kuombwa, weka swichi ya sumaku kwenye laini yake, ile ambayo ikikatika haijifungi mpaka ibonyezwe. Fundi wa umeme anaijua, na maduka ya vifaa vya mashine wanayo.

Miale inashuka kwa watu

Masharti ya Marekani kwa maonyesho ya leza yenye mwendeshaji aliyepo ni kwamba miale ipite angalau mita 3 juu ya sakafu wanaposimama watu na mita 2.5 kando yao, na onyesho lolote linalozidi miliwati 5 linahitaji kibali maalumu cha FDA, wakala wa serikali yao anayesimamia vifaa vya leza. Hata kama sheria hizo si zetu, vipimo hivyo ni mwanzo mzuri. Kumbuka tu kwamba sakafu ni mahali popote mtu anaposimama. Kanisa lenye ghorofa ya pili lina sakafu mbili, na ukumbi wenye ngazi pana una nyingi zaidi.

Miale ikishuka, chanzo mara nyingi ni klampu iliyolegea kwa mtikisiko wa besi, mtambo ukainama digrii mbili. Digrii mbili kwa mita 30 ni zaidi ya mita moja. Kaza, weka waya wa usalama wa chuma, kisha shusha kibao cha chuma kilicho mbele ya tundu la mwale mpaka sehemu ya chini ya picha ikatwe. Kibao hicho hakikwami wala hakihitaji programu. Kama mtambo wako hauna, fundi wa bati atakutengenezea, mradi kipakwe rangi nyeusi isiyong'aa.

Chanzo kingine ni vitu vinavyorudisha mwanga. Matoazi ya ngoma ndiyo mabaya zaidi: yanang'aa, yamepinda, na yanatikisika. Halafu mpira wa vioo, vioo vya gari lililoegeshwa karibu na hema, madirisha ya plastiki ya hema lenyewe. Zima taa za ukumbi, endesha onyesho zima kwa nguvu ya chini, tembea kila kona ukiangalia kuta badala ya mtambo.

Na hema. Julai 2008, kwenye tamasha la Aquamarine karibu na mji wa Kirzhach nchini Urusi, mvua ilinyesha, yakatandwa maturubai, na leza zilizokusudiwa kumulika angani zikawafikia watu waliokuwa chini yake. Watu wapatao 30 walipoteza sehemu ya uwezo wao wa kuona. Leza zilikuwa za mipigo, zinazotoa mwanga kwa vipande vifupi vyenye nguvu kubwa, ambazo hazifai kabisa kumulikia hadhira, lakini mwenendo wa tukio unafahamika kwa yeyote aliyefanya harusi ya bustani mtaani Karen mwezi wa Aprili: mvua imekuja, hema limeongezwa dakika za mwisho, na mpango wa miale haujabadilishwa. Paa likibadilika, mpango wa leza umefutika. Upangwe upya au mtambo uzimwe.

Kuna wanaomulika hadhira kwa makusudi. Inawezekana kisheria katika nchi kadhaa, kwa lenzi za kutanua mwale, kinga ya skana, na vipimo vilivyofanywa kwa mita ya nguvu mahali watu watakaposimama. Asiye na mita asijaribu. Wala usipime kwa macho: bluu ya nanomita 450 huonekana hafifu kuliko kijani yenye nguvu sawa, ilhali retina huumia vile vile.

Simu na kamera zinapata mistari

Sensa imeungua. Haitengenezeki. Mwambie mpiga video asisimame kwenye njia ya mwale, na uichukulie kama taarifa: mwale uliofika kwenye kamera iliyo mabegani ulipita usawa wa macho.

Lebo inasema kitu kimoja, mtambo unafanya kingine

Lebo ya kweli hutaja daraja, nguvu ya juu kabisa, urefu wa mawimbi kwa nanomita, na kiwango pamoja na mwaka wake, kwa mfano IEC 60825-1:2014. Boksi likisema wati 3 na kibandiko kikisema daraja la 3R, kimojawapo ni uongo, na wewe uamini kile cha hatari zaidi. Alama ya CE, ile ya soko la Ulaya, huwekwa na mtengenezaji mwenyewe. Peke yake haithibitishi chochote. Namba ya usajili ya FDA nayo inaonyesha kwamba ripoti ilipokelewa. Haimaanishi mtambo umeidhinishwa.

Unayeagiza kutoka nje, omba cheti cha ulinganifu chini ya PVoC, mpango wa Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) wa kukagua bidhaa huko zitokako, kabla mzigo haujapakiwa, na mwombe muuzaji picha za nyuma ya mtambo. Hakuna ufunguo wala soketi ya intaloki? Basi hicho si kifaa cha daraja la 4 kilichofuata kiwango, hata kibandiko kiwe kizuri namna gani. Mitambo ya kijani ya zamani ya nanomita 532 ina jambo la ziada: kijani hiyo hutengenezwa kutokana na mwanga usioonekana wa nanomita 1064, na kichujio kikikosekana mwanga huo hutoka nao. Jicho haliuoni, kwa hiyo halipepesi.

Onyesho liko nje, na mtu wa uwanja wa ndege amepiga simu

Carnivore na Uhuru Gardens ziko karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, uwanja mkuu wa JKIA uko mashariki, na Eastleigh kuna njia ya ndege za jeshi. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hugawa anga karibu na viwanja: eneo la ndani lenye kikomo cha nanowati 50 kwa sentimita ya mraba, kisha eneo linalofika kilomita 18.5 lenye kikomo cha mikrowati 5. Sehemu kubwa ya Nairobi iko ndani ya umbali huo kutoka kwenye njia mojawapo. Ule mtambo wetu wa wati 3, kwa hesabu ya karatasi, hushuka hadi mikrowati 5 baada ya karibu kilomita 6. Rubani wa ndege ndogo anayetua Wilson usiku hahitaji kuumia jicho ili apate ajali. Kupofuka kwa sekunde tatu karibu na ardhi kunatosha.

Kwa hiyo miale iishie kwenye kitu: jengo, skrini, kilima. Kama lazima iende angani, iandikie mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, mapema, ukitaja mahali, saa, nguvu na pembe ya miale, na uweke mtu wa kuangalia anga akiwa na kitufe cha kuzima mkononi mwake mwenyewe. Akiwa na redio ya kumwita mwendeshaji amechelewa.

Mgeni analalamika macho

Zima, usibishane. Retina haina maumivu, kwa hiyo mtu anaweza kuwa ameumia bila kuhisi chochote zaidi ya doa lisiloondoka. Doa la kawaida la mwanga mkali hufifia kwa dakika chache. Likibaki, au akiona mistari imepinda, apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi, na asitiwe dawa ya matone ya dukani. Aende na karatasi yenye rangi ya mwale, nanomita, nguvu ya mtambo na umbali aliokuwa amesimama. Kama ni mfanyakazi wako, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakubebesha wajibu, kwa hiyo andika ripoti. Mtambo usiguswe mpaka upigwe picha jinsi ulivyo: pembe ya klampu, kibao cha mbele, na kilichochomekwa kwenye ile soketi ya nyuma.